Ng'ombe Mzima Kwenye Kidonge

Nilijifungua mwanangu wa kwanza mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, na maziwa yakagoma kutoka. Mtoto alinyonya, akaachia, akanitazama kama mtu aliyeuziwa gunia tupu, kisha akalia. Mama mkwe, aliyetembea kutoka Chamwino kuja kunihudumia, alisema neno moja tu: "Supu."

Mzazi anapewa supu ya mbuzi, kichwa na miguu, ichemke tangu alfajiri. Na mbuzi tulikuwa naye. Beberu alifungwa nyuma ya nyumba, ameshiba kuliko mimi. Tatizo ni mume wangu, karani wa stesheni, aliyempenda beberu yule kupita kiasi. Jioni alimtembeza karibu na boma ili Wazungu wamwone.

Basi siku moja akarudi kutoka kazini na mkebe aliopewa na bwana wake Mzungu. Ndani mlikuwa na vidonge vya mraba, rangi ya kichuguu, kila kimoja kimefungwa karatasi.

"Mke wangu, hakuna haja ya kuchinja," akasema. "Kila kidonge kina ng'ombe mzima. Wamemchemsha hukohuko Ulaya, wakamkausha."

"Pembe wameziweka wapi?"

"Umesoma misheni halafu unauliza maswali ya porini!"

Kusoma nilisoma. Ndiyo maana nilijua ng'ombe haenei kwenye kitu kinachoenea puani. Lakini nilikuwa nimechoka, nikakoroga kimoja kwenye maji moto, nikanywa. Chumvi tupu! Nilishinda nikigida maji, na mtoto akashinda akilia. Mama mkwe akalamba kidonge, akafikiri, akatoka nacho uani. Beberu alikilamba mpaka akafumba macho.

"Na sisi tunawapa mifugo udongo wa chumvi," mama mkwe akasema aliporudi. "Ila hatujawahi kuuita supu."

Mwanawe hakusikia. Siku zikapita, mtoto akawa mwepesi mikononi, na mimi hasira zikanipanda.

Jumapili makarani wenzake wakaja kumpongeza. Wanaume wakija kumpongeza baba wa mtoto, hutegemea nyama. Mume wangu akaniagiza, bila haya, "Wapikie." Nikawapikia. Mama mkwe alisonga ugali wa uwele kama kilima. Mimi nikayeyusha vidonge, nikajaza bakuli kubwa kuliko yote, nikaliweka katikati.

"Karibuni nyama."

Mmoja alizungusha tonge, akazungusha tena. "Shemeji, nyama imezama?"

"Imo, shemeji. Ng'ombe mzima. Tafuta taratibu."

Mwenzake akakunja mkono wa kanzu, akazamisha vidole. "Nimefika chini. Huku kuna bakuli tu."

"Bwana karani," akadakia wa tatu, "ng'ombe wako aliogea humu akaenda zake?"

Wakacheka hadi wakaegemeana. Ndipo beberu akalia kule nyuma ya nyumba, kwa sauti ya kushiba kabisa. Vichwa vyote vikageuka.

"Na huyo anayeongea ni nani?"

Mume wangu akatazama ugali wake. Mtoto naye akaanza kulia. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole, "Mama, mtoto anaumwa?"

"Ana njaa," nikasema. "Baba yake anafuga beberu."

Mume wangu akainuka, akaomba kisu.

Wageni walichomewa mbavu. Kichwa na miguu tulivibabua, tukavikwangua, tukapasua mifupa kwa shoka, tukaitia chunguni na maji, chumvi ya Bahi na pilipili manga. Basi. Mama mkwe hakuruhusu moto mkali. Alisema supu ikiharakishwa inakuwa maji yenye harufu. Ilipoiva, mafuta yalielea juu kama macho, na midomo yangu ikawa inanata. Nilikunywa bakuli, nikatoka jasho, nikaongezewa.

Kesho yake asubuhi nguo yangu ililowa kifuani. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akakohoa, akarudia. Nje nilimsikia mume wangu akimwambia jirani kwamba mke akijifungua, mwanaume mwenye akili anachinja mara moja, hangoji kuambiwa.

Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Nikalimeza. Mtoto alikuwa ananyonya, sikutaka ashtuke.