Darasa Lenye Ngazi Katikati

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu Kiseke, nachambua mchele, simu ikalia. Alikuwa jirani yetu wa zamani, niliyecheza naye mdako tangu tuna mapengo. Hata salamu hakunipa. Akasema, "Wewe, umekaa tu? Wanabomoa darasa letu." Sikuuliza lipi. Niliacha mchele kwenye ungo, nikatafuta viatu.

Ngoja nikueleze, maana usipolijua darasa lile utaniona mama mzima, muuguzi mstaafu, nakimbilia vumbi la matofali kama mtu asiye na kazi.

Kwetu ni kwenye barabara ya kwenda Misungwi. Leo tunapaita mjini bila aibu, lakini nilipokuwa mtoto palikuwa na duka moja la chumvi na mafuta ya taa, mashine ya kusaga, ghala la pamba, na shule. Upande mmoja kuna mlima wa mawe, yale mawe yetu makubwa yaliyokaliana migongoni hadi unajiuliza nani aliyapanga. Ukiteremka upande wa pili unakuta majaruba ya mpunga, halafu matete, halafu ziwa. Watu nao walijigawa hivyohivyo. Kulikuwa na watu wa mlimani, waliofuga ng'ombe na kulima pamba, na watu wa ziwani, waliovua na kulima mpunga. Walioana, walizikana, walikopeshana majembe. Ila wakishika kazi pamoja, lazima washindane. Kwetu Usukumani kazi bila ngoma na bila mshindani hainogi kabisa. Hata kupalilia, wanapanga mistari miwili, ngoma inapigwa, majembe yanarushwa juu, na upande utakaochelewa utachekwa mpaka mavuno.

Shule yenyewe ilikuwa ya udongo, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mfenesi. Ikigongwa unaisikia hadi kisimani. Kila Ijumaa wasichana tulibeba kinyesi cha ng'ombe kutoka mazizini, tukakichanganya na majivu na maji, tukasiriba sakafu kwa mikono. Usikunje pua! Sakafu ikikauka ilikuwa nyororo na baridi, na harufu yake ya Jumatatu asubuhi ndiyo harufu ya elimu kwangu hadi leo. Mfukoni tulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, vigumu vinavyotafunwa somo zima kabla havijalainika. Mwalimu Mkuu alitusikia tukitafuna, akatuacha. Yeye alitoka Kagera, ng'ambo ya ziwa, na alituonea huruma kwamba tumezaliwa mahali pasipo na ndizi.

Sasa, shule ile iliishia darasa la nne. Kuna shule iliyokuwa na darasa la tano, lakini ilikuwa ng'ambo ya mto, na mvua zikianza mto ule haukumruhusu mtu. Wavulana wachache walikwenda kupanga kwa ndugu huko. Msichana akimaliza la nne, basi, amemaliza.

Mwaka huo mimi nilikuwa la nne. Shangazi yangu alikuwa anaanika dagaa Ukerewe, na alikuwa ameshaongea na baba: mtoto akimaliza shule Desemba, aje kisiwani anisaidie. Baba alikubali, na sikumlaumu, kwani ningekaa nyumbani nifanye nini? Lakini bibi yangu, aliyenilea tangu naachishwa ziwa, hakukubali. Bibi hakuwahi kuiweza "r" hata siku moja. Alinikalisha jikoni, akanimiminia maziwa mgando kwenye kibuyu, akasema, "Wewe utasoma dalasa la tano hapahapa. Dagaa wataanikwa na wenyewe." Nikamuuliza darasa lenyewe liko wapi. Akasema, "Litajengwa."

Na kweli, jambo lilikuwa limeshaanza. Mwalimu Mkuu alikuwa amerudi kutoka wilayani na jibu: wazazi wajenge chumba kimoja kirefu, kiezekwe bati, mkaguzi aje kabla ya shule kufungwa. Akikikubali, Januari tunapata darasa la tano na mwalimu wake. Asipokikubali, tusubiri, na kusubiri kwa serikali unakujua. Nilipiga hesabu yangu ya kitoto: kusubiri maana yake ni Ukerewe.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, kazi ikaanza. Wazazi waliamua, bila hata kubishana, kwamba watu wa mlimani wataanzia upande wa juu na watu wa ziwani upande wa chini, wakutane katikati. Watakaofika mwisho watachinja dume. Mwalimu Mkuu alijaribu kusema kwamba jengo ni kitu kimoja na lingefaa kuwa na fundi mmoja. Walimsikiliza kwa adabu zote, wakamwambia, "Ndiyo mwalimu," halafu kila upande ukaleta fundi wake.

Ee, ndugu yangu, kiangazi kile! Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, mawe yanateremshwa kutoka mlimani kwa mikokoteni ya ng'ombe, kina mama wana ndoo za maji vichwani, udongo unakanyagwa kwa miguu na nyimbo za kutukana upande wa pili. Watu wa ziwani waliimba kwamba wa mlimani wana mikono ya kukamulia tu. Watu wa mlimani wakajibu kwamba wa ziwani watajenga darasa linalonuka kambale. Mchana palinuka sato wa kuchoma upande mmoja na matobolwa upande mwingine, yaani viazi vikavu vilivyochemshwa, vinaliwa na karanga, na sisi watoto tulikula pande zote mbili bila haya. Bibi yangu alikuwa wa mlimani, na nakuapia, mwanamke yule alibeba maji kama analipa deni.

Kulikuwa na mwiko mmoja. Hakuna wa kwenda kuchungulia upande wa wenzake. Ukichungulia umeogopa, na ukiogopa umeshindwa. Mafundi wenyewe hawakusalimiana tangu msingi hadi madirisha. Kila mmoja alivuta kamba yake na kupima kwa macho yake, akaona kazi yake imenyooka. Na ilikuwa imenyooka kweli, kila mmoja kwake.

Kiwanja ndicho kilichokuwa na mteremko.

Siku ya kukutana, ngoma zilikuwa zimechanganyikiwa kabisa, hujui ipi ya nani. Tofali la mwisho la huku na tofali la mwisho la kule yalifika pamoja, vigelegele vikapasuka, halafu vikafa kimoja kimoja. Watu wakatazama. Sakafu ya watu wa mlimani ilikuwa juu, sakafu ya watu wa ziwani ilikuwa chini, na katikati palikuwa na ukingo unaofika magotini mwangu. Kuta nazo hazikulingana, na paa lilipowekwa likawa kama kuku aliyenyanyua bawa moja. Mwalimu Mkuu alikaa juu ya rundo la matofali, akashika kichwa, akasema maneno ya kwao ambayo hakututafsiria.

Wakabomoe? Upande gani? Hapo ugomvi ukawaka. Wa mlimani wakasema wa ziwani wanyanyue, wa ziwani wakasema wa mlimani washushe. Wakiwa bado wanabishana bati lilikuwa limeshapigwa misumari, na mvua za vuli zilikuwa zinanukia ziwani. Mwishowe wakaweka ngazi ya mawe pale katikati, wakaisakafia vizuri, wakaomba Mungu. Nyumbani baba akaanza kunitafutia sanduku la safari. Nililia chini ya kitanda cha bibi, na bibi hakunibembeleza. Alikuwa anasuka kamba tu, na hilo lilinitisha kuliko sanduku.

Mkaguzi alikuja na pikipiki, suruali imejaa vumbi hadi kiunoni, mtu mnene mwenye miwani. Alipokelewa vizuri, akapewa soda ya moto, maana ndiyo iliyokuwepo. Akaingia darasani kwa mlango wa chini, sisi tumejaa madirishani, wazazi wamejaa nyuma yetu. Akasifu madirisha. Akasifu ubao. Akatembea huku anatazama bati, mikono mgongoni, na ile ngazi ikampokea kwenye ugoko. Akaenda mzimamzima, akashika ukuta.

Madirishani tukasukumana tuone.

Akajifuta, akapima ngazi kwa kiganja, akatazama juu, akatazama chini. Akamwambia Mwalimu Mkuu, kwa upole tu, na upole ule ndio ulioniua: "Mwalimu, hapa sina cha kuandika. Darasa ni sakafu moja. Hili si darasa."

Nilimtafuta baba kwa macho, nikaona anatazama viatu vyake. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya kina mama.

"Bwana mkubwa, shikamoo." Alikuwa bibi. Mkaguzi alikuwa mdogo kwake mbali, akashtuka, akasema haraka, "Aa, mama, shikamoo mimi!" Bibi akaitikia marahaba yake taratibu, kama hana haraka duniani, halafu akasema, "Ni kweli si dalasa. Nani kakwambia ni dalasa moja? Ni mawili."

Mwalimu Mkuu alimtazama bibi. Halafu akanyoosha koti lake. "Ndivyo," akasema. "La tano huku chini. La sita kule juu. Mtoto akifaulu, anapanda."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mlima uwe mlima, watu wa juu na watu wa chini wakakubaliana. "Ndiyo!" "Tulipanga hivyo!" "Tangu msingi!" Mafundi wawili wasiosalimiana walikuwa wameshikana mabega, wanatikisa vichwa kama mapacha. Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja. Alijua, hakika alijua. Kicheko kilianzia tumboni kikapanda, mpaka miwani ikamdondoka na mwanafunzi akaiokota. Akasema, "Haya. Mawili. Lakini mjenge ukuta wa katikati."

Ukuta ule haukujengwa mpaka kesho, kwa sababu kila upande ulisema ni zamu ya wenzao. Dume lilichinjwa hata hivyo, na hadi leo hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyeshindwa. Sanduku la safari bibi alilifanya la kuwekea karanga.

Basi nikasoma la tano pale chini, na mwaka uliofuata nikasoma la sita pale juu. Mwaka huo walimu wakawa wawili, wanafundisha huku wamepeana migongo, na wa chini walisikia masomo yetu wa juu yote, wakapanda wakiwa wameshayajua nusu. Siku ya kufunga shule waliofaulu waliitwa majina, na kila mmoja alitembea katikati ya darasa akanyanyua mguu, akapanda ngazi ile, wazazi wakipiga makofi. Nilipopanda mimi bibi alikuwa dirishani. Hakupiga makofi. Alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, bila kujifuta. Baadaye serikali ilijenga darasa la saba, sakafu sawasawa kama meza, na sikumbuki hata rangi ya mlango wake.

Nilipofika Jumamosi nilikuwa nimechelewa. Mji umefika mpaka getini siku hizi: gesti, duka la vipuri, vijana wa bodaboda, mama wa chipsi. Mfenesi haupo. Mahali pa darasa palikuwa pameshasawazishwa kwa katapila, udongo mwekundu umepigwa maji, na nyuma yake nguzo za ghorofa zimeanza kuota nondo. Mwalimu Mkuu wa sasa ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Aliniamkia, akanieleza bila kujitetea. Kuta zilikuwa zimepasuka, siafu wameingia, na watoto walivyo wengi wanakaa chini. Ni kweli. Sikuwa na la kumlaumu, wala sikutaka ghorofa lisijengwe. Wale watoto wanastahili madawati na hewa. Nililia tu, kwa sababu bibi hana tena mahali pa kusimama dirishani. Wale wa ngoma mbili wamekwenda wote, wa juu na wa chini, wamelala kwenye makaburi yanayopakana. Siku hizi jengo linakuja na mkandarasi, linanyooka, na hakuna aliyemtukana mtu kwa ajili yake.

Nikamwomba binti anisubiri, nikavuka kile kiwanja peke yangu, kutoka upande wa ziwani kwenda upande wa mlima. Udongo ulikuwa tambarare kabisa. Nilikuwa natazama mawe ya mlimani, sifikirii kitu. Katikati pale, mguu wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe, juu, ukatafuta, ukakosa. Nikayumba.

Binti akaja mbio akanishika mkono. "Pole mama! Umejikwaa?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa napanda la sita."