Aliyekuwa Ndani ya Magamba

Kitabu cha tano kimetoka, rafiki yangu. Hata mimi sikuamini pale mfanyabiashara mmoja aliyetoka Lubumbashi aliponikabidhi, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, jalada linang'aa kama sahani ya harusi. Wanyama wa Ng'ambo, sehemu ya tano! Sisi tulioachwa kwenye sehemu ya nne tukiwa watoto, tukakua, tukaolewa, tukazika, leo ndiyo tunakumbukwa. Nilikisoma siku hiyohiyo, nimekaa kizingitini hapa Mikelenge, mboga ya sombe ikaungua jikoni na sikujali. Nilipokifunga nilitamani kukitupa mtoni Lualaba. Nisikilize kwanza, halafu useme kama sina haki ya kukasirika.

Kama hukukulia Kindu miaka ile, huenda huvijui vitabu hivyo. Vilikuwa vyembamba, vya karatasi ya rangi ya majivu, na vilikuja na treni kutoka kusini pamoja na magunia ya unga na chumvi. Jirani yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mkavu asiyependa kelele za watoto, lakini kila alipokiona kitabu kipya alitununulia, akakileta kimeviringishwa ndani ya gazeti, kinanuka mafuta ya mashine. Honi ya treni ikilia upande wa Kibombo, mimi na mdogo wangu tuliacha vyombo bila kuoshwa tukaenda kumvizia barabarani. Alijifanya hatuoni. Alitupita kabisa, kisha akageuka, na sisi tukapiga kelele zilezile alizozichukia.

Mimi ndiye niliyejua kusoma. Mdogo wangu alikuwa bado hajaanza shule, na bibi yetu mzaa mama, tuliyemwita koko kama wazee wengi wanavyoitwa hapa kwetu, hakuwahi kufundishwa herufi. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, nao walinisikiliza wakichambua mchele. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msitu ulio ng'ambo ya mto mkubwa, wanyama wake wana koo zao na mashauri yao. Chui, Sultani Madoa, alitaka maji yote yawe yake. Fisi maji, wenye mto tangu zamani, walikataa. Na katikati yao alikuwapo Mama Magamba, kakakuona asiye na meno wala pembe, ambaye silaha yake ilikuwa moja tu: kujikunja.

Koko alimpenda huyo tangu ukurasa wa kwanza. Yeye ni mzaliwa wa Pangi, na kwao kakakuona si mnyama wa kuchezea. Wazee wa huko husema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, jani juu ya jani, kama magamba yake yalivyopangwa. Nikisoma mahali mwandishi alipomfanya Mama Magamba aseme kwa hasira, koko alinikatiza. "Hapana, kakakuona haiko na hasira. Soma vizuri." Nami nilirudia sentensi ileile kwa sauti ya upole, akaridhika.

Sehemu ya nne iliishia vibaya kuliko zote. Msitu unaungua, fisi maji wamekimbia, na katika kukimbia wamemwacha mtoto wao, jina lake Tone. Mama Magamba anamkuta peke yake chini ya mti. Hana la kufanya, basi anajikunja na mtoto yule ndani yake, tumboni, magamba nje. Chui wanamzunguka, wanaanza kukwaruza. Chini ya ukurasa pameandikwa: itaendelea. Mdogo wangu alilia mpaka koko akampa kipande cha muwa. Jirani wa reli akaapa kwamba cha tano kitakuja na treni ya mwezi ujao.

Treni hiyo haikuja. Vita vilifika, reli ikanyamaza, nyasi zikaota katikati ya mataruma. Mjini walikaa wenye bunduki wa huku, msituni wakakaa wenye bunduki wa kule, na sisi tukawa katikati. Aliyekwenda shamba hakujua kama atarudi, na baada ya muda watu waliacha kwenda. Mama yetu alikuwa ameondoka kwenda Punia kutafuta mchele wa kuuza, njia ikafungwa nyuma yake. Unajua kitu ninachokikumbuka zaidi ya milio ya risasi? Ni kimya cha vinu. Zamani, alasiri ikifika, Mikelenge nzima ilikuwa inatwanga. Sasa hapakuwa na cha kutwanga. Tulichemsha mapapai mabichi bila chumvi, tukachemsha majani ambayo hata mbuzi wa zamani wangeyasusa.

Katika njaa hiyo mdogo wangu alikuwa na swali moja. Hakuulizia chakula, maana aliona mwenyewe. Aliuliza, "Koko, Tone ametoka?"

Hapo palikuwa na shida. Kwetu hadithi hutolewa jioni, motoni, na kila mtoto huja na ukuni wake. Asiye na kuni hakai. Kutoa hadithi mchana ni mwiko. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba anayefanya hivyo, mama yake hupotea njiani. Wewe fikiria watoto ambao mama yao yuko njia ya Punia! Lakini jioni za vita hazikuwa na moto. Mwanga uliwaita wenye bunduki, na sauti pia iliwaita. Giza likiingia kila mtu alilala chini, mdomo umefungwa.

Koko alifikiri siku nzima. Kesho yake, jua likiwa utosini, alitundika mkeka mlangoni, akaziba dirisha la jiko kwa kitenge chake cha sikukuu, akakaa gizani. "Sasa njo usiku," alisema, yaani ndiyo usiku umeingia. "Kila mutoto na kuni yake." Tukatoka mbio kuokota vijiti. Changu kilikuwa kirefu, cha mdogo wangu kilikuwa kama kidole, na alikishika kwa mikono miwili. Tuliviweka kwenye mafiga yasiyo na moto, na koko akaanza sehemu ya tano.

Nakuambia, hakuna mwandishi aliyewahi kuandika kitu kama kile. Koko hakutupeleka vitani. Alitupeleka ndani ya magamba, mahali ambapo mwandishi hakuwahi kuingia. Alitueleza joto la mle, harufu yake ya udongo na mchwa, na jinsi moyo wa Mama Magamba ulivyosikika kwa mtoto. Nje chui alileta hila mpya kila siku. Leo alichoma samaki ili mtoto asikie harufu. Kesho aliigiza sauti ya mama yake Tone, akaita kwa kulia. Hapo mdogo wangu alipiga makofi chini, "Usifungue! Usifungue!" Kisha koko aliuliza, kama anavyouliza mtu mlangoni, "Ndani kuko nani?" Nasi tulijibu pamoja, "Kuko mutoto!" Siku haikuisha bila neno hilo.

Hakumaliza. Nilipomsihi atuambie mwisho alinitazama kwa ukali. Leo, nikiwa mtu mzima, naelewa alichokuwa akifanya. Alikuwa anamfunga mdogo wangu kwa hadithi, maana mtoto anayesubiri kesho atajitahidi kuifikia. Nywele za mdogo wangu zilikwisha kugeuka rangi ya kutu. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Alipoacha kutembea, mimi ndiye niliyemwokotea kijiti, na koko akatoa hadithi akiwa amembeba mgongoni, amemfunika kitenge chote, tunasikia tu sauti ndogo kutoka huko nyuma: "Kuko mutoto."

Alikufa asubuhi, kabla ya usiku wetu wa mchana. Koko alitungua mkeka, akamviringishia humo. Jirani wa reli alichimba kaburi nyuma ya nyumba za kituo, haraka, maana hata mazishi yalikuwa hatari. Mama alirudi njia zilipofunguka. Alituacha wawili akamkuta mmoja. Hadithi ile koko hakuitoa tena, si mchana wala jioni, wala mimi sikumwomba. Na kaburi usiniulize. Watu wamejenga pale. Sijui ni chini ya sebule ya nani.

Sasa rudi nami kwenye kitabu hiki kinachong'aa. Mengine ningeyavumilia. Kasuku, aliyekuwa mbea wa kutuchekesha, sasa anahutubia kama mgombea wa uchaguzi. Mto uliotiririka kuingia msituni katika vitabu vinne, katika cha tano unatoka msituni, na hakuna aliyeshtuka. Sultani Madoa analia machozi, anaomba radhi ukurasa mmoja, na ukurasa unaofuata wote wanakula karamu. Chui! Karamu na fisi maji! Sawa, labda mwandishi amezeeka, labda amechoka na vita kama sisi.

Lakini Tone hayumo. Mama Magamba anafunguka sura ya pili, anajikung'uta majivu, anakwenda kwenye mashauri ya koo. Mtoto aliyekuwa ndani yake hatajwi. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari, mpaka karamu ya mwisho ambapo wanyama wanahesabiwa kwa majina hadi jongoo. Hayumo. Angemuua ningelia, na ningemsamehe, maana najua watoto hufa. Hakumuua. Amemsahau. Mwisho wote wa kitabu cha nne ulikuwa unauliza kama mtoto yule atapona, na mwenye kitabu amesahau kwamba alikuwapo.

Nilimtafuta mtu wa kukasirika naye. Jirani wa reli alikwisha kufa. Mama naye. Nikabaki na mmoja tu duniani aliyewahi kumjua Tone.

Koko anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa mama yangu mdogo. Nilivuka kwa mtumbwi asubuhi, kitabu kifuani, mpiga kasia akinitania kwamba nimebeba Korani ya kuapia. Akili ya koko siku hizi huja na kuondoka kama umeme wa mjini, ila siku hiyo alinijua, akaniuliza habari za watoto. Nilipotoa kitabu na kusema Mama Magamba amerudi, macho yake yaliamka. Akaamuru mkeka utundikwe mlangoni, maana jua lilikuwa kali. Kisha akanyoosha mkono. "Na kuni yako?"

Rafiki yangu, nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nimeokota vijiti viwili ufukweni, kirefu na kifupi, nikaviweka mbele yake. Nilimsomea karibu na ufa wa mlango, kwa sauti ya upole pale Mama Magamba alipopaswa kuwa na hasira, naye akaitikia kwa kichwa. Nilipofika sura ya pili, Mama Magamba alipofunguka, niliacha kusoma. Nilingoja alipuke kama zamani, aniambie nisome vizuri. Akaendelea kuitikia kwa kichwa. Basi nikauliza mimi, kama mtu aliye mlangoni, "Koko, ndani kuko nani?"

Alitabasamu. "Ndani ya nini, mama?"

Nikasoma hadi karamu, nifanye nini. Alipenda sana. "Njo hivyo," alisema, "vita imeisha, wote wamekula. Hadisi muzuri." Alianza kuvikusanya vijiti ampelekee mama mdogo jikoni. Kile kirefu alikitambua kuwa changu. Kifupi alikigeuza-geuza kwenye vidole vyake.

"Na hii njo ya nani?"

Nikamtajia jina. Nililitaja kamili, na la baba, jinsi mama alivyokuwa akimwita akikosea. Koko akalirudia polepole, kwa adabu, kama mtu anayejulishwa kwa mgeni. Kisha akatazama mlangoni, kwenye ule mkeka, akaniuliza huyo mutoto iko wapi, na kama amekula.