Shule Yenye Maji

Wazazi wengine wa Sagalla wakitafuta shule huuliza ilipata alama gani mwaka jana. Tryphena Wakio alifungua mifereji. Msimcheke. Maji yalimnyima usingizi tangu utotoni, yakamnyima na shule.

Yeye mwenyewe aliwahi kulala bweni, katika shule moja ya huko tambarare ambako kiangazi kikikaza wasichana walitolewa darasani wakachote maji bwawani, maji yale yale waliyoyakanyaga ng'ombe. Kidato cha tatu akashikwa na homa ya matumbo, akarudishwa nyumbani, na hakurudi tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akaolewa, mume akashuka Mombasa kulinda majengo ya watu, naye akabaki mlimani Sagalla na mitungi yake na binti mmoja, Shanice.

Shanice alipofika gredi ya tisa ikabidi wachague shule ya sekondari ya juu. Binti huyo alitaka jambo moja tu maishani: kuwa daktari wa mifugo. Hayakuwa maneno ya kitoto. Mbuzi wa jirani akivimba tumbo, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Mwalimu Titus, aliyemfundisha sayansi, alimwambia mamake waziwazi.

"Mama Shanice, huyu akikosa kemia na biolojia, basi. Mkienda kuangalia shule, angalieni maabara kwanza."

"Nimekusikia, mwalimu."

Na kweli alimsikia. Lakini Titus alilelewa Voi mjini, kioski cha maji kiko hapo nje ya mlango. Angejua nini yeye?

Walianza na shule moja karibu na Voi. Maabara ilikuwepo, ina vioo na harufu ya dawa, na walimu wa sayansi waliwapokea vizuri. Shanice alizunguka meza zile akizigusa moja moja, hataki kutoka. Tryphena alikuwa ameshatoka. Aliukuta mfereji nyuma ya bweni, akaufungua, ukakohoa hewa. Hapo kando ndoo za wanafunzi zilikuwa zimepanga foleni zikingoja lori la maji.

"Hapa hapana," akasema.

"Mama, lakini..."

"Nimesema hapana, mwanangu. Haya mimi niliyapitia."

Wiki iliyofuata wakaenda upande wa Njukini, ambako chemchemi hazijui kiangazi. Huko, mfereji ulipofunguliwa, maji yalimrukia hadi kifuani! Tryphena akanawa uso, akanawa mikono, akavua viatu akanawa na miguu mbele ya mwalimu mkuu, huku akicheka mwenyewe. Kuhusu sayansi aliuliza, nisimsingizie. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba maabara iko, vifaa viko njiani, na walimu wanatarajiwa. Tryphena aliitikia kila neno huku akijifuta miguu kwa leso.

Shule hiyo ikawa chaguo la kwanza, na majibu yalipotoka Shanice akawa amepangiwa huko huko. Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo pale nyumbani, mgeni angedhani kuna harusi.

Muhula wa kwanza haukufika nusu, mambo yakaharibika. Mwalimu wa kemia hakuja. Wa biolojia alikuja, akahamishwa. Wasichana waliotaka sayansi wakakusanywa na kuambiwa wachukue historia, jiografia na dini, kwa maana hayo ndiyo yaliyokuwa na walimu. Tryphena akashuka Voi kuomba uhamisho. Ile shule ya kwanza ilikuwa imejaa pomoni. Kwenye ofisi ya elimu akazungushwa, leo mkubwa hayupo, kesho mtandao umelala, mpaka karani mmoja akamuuliza bila kuinua macho, "Si mlichagua wenyewe, mama?" Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alipanda mlima kwa miguu siku hiyo, akilia njia nzima, wala hakujali nani anamwona.

Likizo ya Aprili Shanice akarudi amenawiri, ngozi laini, sare nyeupe pe. Mama akamtazama, moyo ukamuuma. Wakiwa jikoni wakichambua maharagwe, akashindwa kujizuia.

"Siku ile ya kuangalia shule, nilipokuwa naongea na mwalimu mkuu, wewe ulikuwa umeenda wapi?"

"Nilienda kuchungulia ile nyumba imeandikwa maabara."

"Ukaona nini?"

"Magunia ya mahindi, mama. Walikuwa wameifanya stoo."

Tryphena akaacha maharagwe. "Sasa mbona hukuniambia? Mbona, Shanice?"

"Ulikuwa unacheka," binti akasema. "Mimi sijawahi kukuona ukicheka vile."

Tryphena akainuka ghafla.

"Kesho nashuka tena Voi. Nitalala mlangoni mwao mpaka wanipe hiyo nafasi."

"Wacha, mama. Miaka mitatu si mingi. Nitamaliza tu."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, akausogeza ungo karibu akaendelea kuchambua. Tryphena angeona nafuu kama angetukanwa. Alikuwa amejiandalia hasira za bintiye miezi yote hiyo. Hakuwa amejiandaa kukaa jikoni na msichana wa miaka kumi na tano ambaye hataki tena kitu chochote.