Sambaza za Mwimbaji

Kazi yangu ya kwanza baada ya kurudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, kutoka Bukavu ya Kongo nilikozaliwa, ilikuwa kazi ya mdomo. Kila Jumapili baada ya misa nilisimama kando ya televisheni katika ukumbi wa video pale Kamembe, nikiwatafsiria watu filamu za Kifaransa kwa Kiswahili. Nilikuwa mjuvi na mwenye dharau, na watu walinipenda kwa hilo.

Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kisiwa fulani cha mbali: minazi, harusi, watu wanaacha kazi ghafla na kuanza kuimba. Hakuna aliyekufa ndani yake. Kwetu, miaka ile ya vita vya Kongo, hilo peke yake lilikuwa kichekesho.

Siku moja mama mmoja wa Nkombo, kisiwa cha wavuvi kilicho karibu nasi, alikuja akakaa mbele kabisa. Sisi wa mjini tuliwacheka wa Nkombo, tukisema wananuka samaki. Habari zake tulizijua: mwanawe wa pekee alivuka mpaka wa Rusizi I kwenda kubeba mizigo Bukavu, vita vikalipuka siku hiyo hiyo, hakurudi tena. Kwenye filamu akatokea mwimbaji mmoja mrefu, mwenye pengo. Mama akashika kifua.

"Anafanana na mutoto wangu!"

Nikatafsiri papo hapo: "Anasema, 'Mimi ni mutoto ya Nkombo! Musalimie maman, huku tunakula na kucheza tu!'"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Kanisani kwao mhubiri mgeni huja na mkalimani, na mkalimani hupeleka maneno pande zote mbili. Basi aliamini kwamba nami nasemezana na wale wa kwenye televisheni. Jumapili iliyofuata alinipa sambaza, wale visamaki vya ziwani, zilizokaushwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Umupelekee. Wewe unasikilizanaka nabo."

Nilizila nyuma ya ukumbi, zote. Zilikuwa tamu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema, lakini mimi niliona usaha ni wa watu wengine.

Jumapili ya tatu aliniuliza mbele ya wote, "Alikula?"

"Alikula zote, Maman. Anaomba siku ingine uongeze chumvi."

Watu walipiga mabenchi kwa kicheko. Mama alisimama, akafunga kitenge chake upya, polepole.

"Mutoto wangu hakukulaka sambaza," alisema. "Tangu mudogo zilikuwa zinamuvimbisha midomo. Nilizileta nijue kama njo yeye kweli."

Akatoka. Filamu ilikuwa bado inaendelea, nami, sijui kwa nini, nikaendelea kutafsiri wimbo wa harusi. Aibu ile ninayo hadi leo.

Wiki hiyo tulisikia kwamba Nkombo wameweka matanga ya yule kijana, bila maiti. Walipoulizwa nani amewaletea habari, walisema ni mkalimani wa Kamembe.