Siku Mwenye Jina Letu Alipotua Doha

Blanketi la sufu likilowa maji ya moto hutoa harufu ambayo sijawahi kuikuta kwenye kitu kingine chochote. Ni harufu ya mnyama, kwa mbali, iliyochanganyika na sabuni ya unga na mvuke wa bafu lisilo na dirisha. Hapa kwangu Al Sadd ninayo mashine ya kufulia, tena nzuri, lakini kila baridi inapokaribia (msicheke, Doha nayo ina baridi yake) mimi hulitia blanketi kwenye beseni la kuogea, nikapandisha dera hadi magotini, nikaingia na kulikanyaga kama alivyonifundisha nyanya yangu. Mwezi uliopita nilikuwa humo ndani nakanyaga, harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama nacheka peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka Mzee Walker.

Ili mnielewe, lazima kwanza niwaambie kwamba mimi pia ni Walker. Neema Walker, mtoto wa Kisauni, Mombasa, mweusi tii, na Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya kwa mama. Baba ni Samweli Walker, na babake alikuwa Walker, na kule mtaani kwetu Kengeleni hakuna anayeshangaa, kwa sababu majirani nao wana majina ya namna hiyo hiyo. Ukishatoka Kisauni ndipo maswali yanapoanza. Tulihamia Doha nikiwa mdogo, mama alipopata kazi ya uuguzi katika zahanati moja, tukapanga vyumba viwili Al Mansoura, juu ya duka la kinyozi. Shuleni, kila mwalimu mpya akilisoma jina langu alinyanyua kichwa na kumtafuta mzungu darasani. Macho yalinipita, yakarudi, yakanipita tena, nami nikawa nimenyoosha mkono wakati wote huo.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi Kevin aliponieleza maana ya jina langu. Kevin alikuwa mtoto wa jirani zetu kutoka Nairobi, amenizidi madarasa mawili, na kwa hiyo alijua kila kitu. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi tunakula barafu za maziwa kabla hazijatuyeyukia mikononi.

"Manze, hiyo jina si yenu," aliniambia. "Hiyo ni ya mzungu mwenye alikuwa anawamiliki. Alikuwa anawaandika jina ndio msipotee."

"Hatuna mzungu sisi," nikasema.

"Mko naye. Kila mtu huku ako na kafili, ama namna gani? Basi huyo Walker ndiye kafili wenu. Ni vile tu hamjui ako wapi."

Mtoto aliyekulia kwingine angecheka. Mimi nililelewa Al Mansoura, ambako watu wazima walimzungumzia kafili kuliko walivyozungumzia hali ya hewa. Kafili ndiye mdhamini wako, mtu au kampuni iliyokuleta nchini. Siku hizo ulimhitaji ukitaka kubadili kazi, na ulimhitaji hata ukitaka kwenda kwenu, maana bila ruhusa yake huvuki uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemwona mama mmoja Mganda akilia jikoni kwetu kwa sababu kafili wake hakushika simu na mamake amelazwa Kampala. Kwa hiyo Kevin aliposema tuna kafili wa siri, kafili wa ukoo mzima, nilimwamini moja kwa moja. Barafu yangu ilinidondokea mguuni, sikuifuata.

Kilichonitia hofu zaidi ni safari. Nyanya alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na alikuwa ametuma neno kwamba uso wa kwanza anaotaka kuuona vizuri ni wangu. Mama alikuwa ameomba likizo na ruhusa ya kutoka, tukawa tunasubiri. Nikaanza kupiga hesabu za kitoto: hata zahanati ikikubali, je, Walker mwenyewe akikataa? Akisema hawa ni wangu, wabaki?

Nilimwuliza Baba akiwa anakaanga mayai.

"Baba, Walker alikuwa nani?"

Hakugeuka. Aliendelea kuyakoroga yale mayai ingawa yalikuwa yameshaiva, kisha akasema, "Jina ni jina, mwanangu. Haya, kula." Halafu akashuka chini kwenda kufuta gari alilokuwa ametoka kulifuta. Baba yangu ni mtu wa maneno. Ukimwuliza njia ya kwenda dukani atakusimulia na mwenye duka alivyooa. Kunyamaza kwake kulinitosha kuwa ushahidi.

Na kama vile haitoshi, Alhamisi ya wiki ile ile akarudi nyumbani na karatasi nene nyeupe, akaiegemeza ukutani juu ya meza. Imeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: WALKER. Mama akauliza nini hicho. Baba akasema Bi Helen, yule mama Mwingereza ambaye Baba alikuwa dereva wake, ana ugeni. Babake anaingia kesho kutoka Uingereza na yeye, ingawa ni siku ya mapumziko, ana kikao ofisini Al Sadd, kwa hiyo Baba akampokee uwanjani, ampeleke nyumbani kwake Abu Hamour. Bi Helen mwenyewe alitumia jina la mumewe, ndiyo maana hatukuwahi kujua kwao ni akina nani.

"Walker kama sisi?" mama akacheka. "Haya, mgeni wenu huyo."

Sikucheka. Sikula. Mwenye jina alikuwa amepanda ndege.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, shule hakuna, na mama alikuwa zamu. Ilibidi niende na Baba, na Bi Helen alisema hakuna neno, mzee anapenda watoto. Hilo nalo halikunituliza. Niligundua Baba amevaa shati lake la kanisani, na kwamba tukiwa kwenye taa nyekundu alikuwa akijitazama kwenye kioo na kusawazisha kola. Pale uwanjani alisimama na ile karatasi kifuani, nami nikajificha nyuma yake nimeshika mshipi wa suruali yake. Kutoka mbali tulionekana tumejitangaza wenyewe.

Mzee alipotokea, nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa jitu. Alikuwa mfupi, masikio mekundu, kofia ya nguo nzito isiyofaa kabisa kwa joto la Doha, na alikuwa akivuta sanduku lililokosa gurudumu moja. Alimshika Baba mkono. Baba akasema, "Karibu sana, mzee. Mimi ni Samweli." Akaishia hapo.

Njiani mzee aliomba chai, na Baba akasogeza gari mbele ya kibanda kimoja cha karak, akapiga honi. Kijana akaja mbio na vikombe vitatu vya chai ya maziwa iliyojaa iliki, akavipitisha dirishani. Mzee alifurahi mno kwamba unaweza kunywa chai bila kushuka garini. Akageuka kwenye kiti cha mbele, akanitazama. Walikuwa wakizungumza Kiingereza, na chake kilimeza nusu ya maneno, lakini hili nililisikia vizuri.

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

"Neema."

"Neema nani?"

Nilimtazama Baba kwenye kioo. Baba aliitazama chai yake. Nikaona hakuna wa kuniokoa.

"Neema Walker," nikasema. Na kwa kuwa nilishaanza kulia, nikamalizia yote: "Tafadhali usituzuie. Nyanya anataka kuniona."

Mzee akaduwaa. Baba akaduwaa. Kisha Baba akaanza kuomba radhi na kuuliza kwa pamoja, kwa lugha mbili, nami nikamwaga kila kitu: Kevin, mzungu mwenye jina, kafili wa ukoo. Mzee akauliza kafili ni nini. Baba akamweleza, uso umemwiva kwa aibu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe kwenye dashibodi, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mtoto wangu," akasema, "mimi nimeingizwa hapa na Helen. Viza yangu kaiomba yeye. Kama kuna Walker mwenye kafili ndani ya gari hili, ni mimi, na kafili wangu ni mkali kweli kweli."

Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo mmoja, nikaunguza ulimi, na sikujali.

Tukabaki palepale tumeegesha, mzee akitusomesha. Kwao ni kaskazini ya Uingereza, nchi ya kondoo na mvua, na Walker wamejaa huko kupita kiasi. Alisema ukiita jina hilo sokoni kwao, watageuka watu wa kutosha kuanzisha timu ya mpira. Nikamwuliza kama maana yake ni mtu anayetembea sana, maana shuleni ndivyo walivyonitania. Akasema hapana, ni kazi. Zamani nguo ya sufu ikitoka kufumwa ilikuwa legelege na ina mafuta ya kondoo, basi inatiwa kwenye hori lenye maji, na mtu anaingia na kuikanyaga kwa miguu kutwa nzima, mpaka ishikamane na kuwa nzito. Huyo mkanyagaji ndiye Walker. Kusini mwao kazi hiyo hiyo ilizaa jina la Fuller, na magharibi Tucker, lakini wote ni watu wa miguu mibichi.

"Na katika maji," akasema kwa furaha, "walitia mkojo uliokaa siku nyingi. Unatoa mafuta vizuri."

"Mkojo?" tukasema Baba na mimi kwa sauti moja.

"Wa watu. Walikuwa wakikusanya nyumba kwa nyumba."

Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Siku zote zile nilimwogopa bwana mkubwa, kumbe ni mtu amesimama kwenye mkojo! Nikamwambia nyanya yangu hufua blanketi vivyo hivyo, ila kwa sabuni, naye akasema basi huyo ni Walker kuliko yeye, kwa sababu yeye maisha yake yote alikuwa karani wa posta.

Ndipo akamgeukia Baba, taratibu. "Na ninyi, bwana, mlilipataje?"

Nilidhani Baba atasema jina ni jina. Alizungusha kikombe kitupu mkononi, kisha akaeleza, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza pamoja na mgeni. Baba wa babu yake alikuwa mtoto mdogo aliyekamatwa bara, akatiwa chomboni kwenda kuuzwa. Manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi lile, na watoto wakashushwa Mombasa, kwenye kijiji cha misheni pale Kisauni. Watu wa makanisa ya Uingereza walichanga pesa za kuwalisha na kuwavisha, na aliyechanga aliruhusiwa kumpa mtoto jina. Walker mmoja, wala hajulikani ni nani, alituma lake.

"Hakutumiliki," Baba akasema, na sasa alikuwa ananiambia mimi, kwa Kiswahili. "Hata hakuwahi kumwona. Jina lilikuja mtoto akiwa ameshakuwa huru. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Baba."

Mzee akasema hawezi kujua kama mchangaji yule alikuwa wa ukoo wake, Walker ni wengi mno. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, yule mtoto aliitwaje mwanzo. Baba akawasha gari.

Tukafika Abu Hamour. Alipomshusha, alibeba sanduku hadi mlangoni, wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tuliporudi nyumbani alikaa kitandani na shati lake la kanisani, akampigia simu mamake, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Mama," akasema baada ya salamu, "kabla ya kuitwa Walker, wazee walikuwa akina nani?"

Tulisikia kiti kikivutwa.

"Hatujui, mwanangu," nyanya akasema. "Marehemu babako naye hakujua. Alimwuliza babake, mzee akatokwa na machozi, basi hakuuliza tena. Alikuwa mdogo mno yule mtoto, hakuweza kusema aliitwaje. Na mimi tangu umezaliwa naomba Mungu usije ukaniuliza." Akashusha pumzi, tukaisikia kutoka Kisauni mpaka Al Mansoura. "Haya, umeniuliza. Sasa niambie, mmekula nini leo?"

Baba akacheka. Alicheka huku anapangusa macho, akamwambia tumekula chapati na maharage, uongo mtupu, tulikuwa hatujala kitu. Ruhusa ya mama ilitoka wiki iliyofuata, tukasafiri, na nyanya akanitazama kwa macho yake mapya akasema kumbe nina sura mbaya hivi, akanikumbatia.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Ijumaa ile sikuwa peke yangu niliyeogopa. Mimi nilimwogopa mwenye jina. Baba aliliogopa swali, na ndiyo maana mbele ya yule mzee alijitaja Samweli akakomea hapo, kama alivyokuwa akifanya kwa kila mtu Doha. Nyanya aliliogopa kabla yake, na babu kabla ya nyanya, kila mmoja akimkinga mwingine na jibu lenye neno moja. Siku hizi kazini wageni wakisoma kibandiko cha jina langu kifuani pangu na kuuliza nimelitoa wapi jina hilo, huwaeleza habari za wakanyaga sufu, na mkojo, na manowari, na misheni. Na kabla ya hapo? huniuliza. Hatujui, huwajibu, na huwa nawatazama usoni.