Kanji ya Filomiz

Filomiz hakuiamini nguo isiyotiwa kanji. Kwake yeye, nguo iliyolegea ni nguo iliyolala na mgonjwa. Kwa miaka thelathini alikuwa mfuaji wa mtaa wetu wa Bel-Air, Port-au-Prince, na katika miaka hiyo yote hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa halijui kusimama. Alikuna muhogo mwenyewe, akaukamua, akaanika ule unga mweupe, akaupika kanji nzito, akachovya nguo na kuipiga pasi ya makaa hadi ikalia. Marehemu mumewe alizikwa na suruali ambayo, nasema kweli, ingeweza kufika makaburini kwa miguu yake. Na sisemi kwa ubaya. Filomiz ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu wa kwanza, ndiyo maana mimi na yeye tukaitana komè, na gauni la ubatizo huo lilimchubua mtoto shingo.

Lakini msimcheke haraka. Kwetu mtu wa kawaida hana farasi wala ghorofa. Ana shati. Shati likisimama, naye husimama, hata kama tumboni hakuna kitu tangu jana.

Basi Januari ya mwaka 1934, Wamarekani wakiwa bado wanatutawala na mabuti yao mjini, ikaja habari kwamba Wacuba wanakuja kucheza nasi mechi tatu katika uwanja wa Leconte. Mshindi akutane na Meksiko, na mshindi wa hapo aendelee na safari ya kwenda Italia kwenye Kombe la Dunia. Italia! Watu ambao hawajawahi kufika hata mji wa Jakmel hapo jirani walianza kubishana kama baridi ya Roma inataka koti moja au mawili.

Aliyekabidhiwa vifaa vya timu alikuwa karani mmoja mwembamba aitwaye Teodat. Ijumaa kabla ya mechi ya kwanza alimletea Filomiz kapu la jezi.

"Sò Filomiz," alisema, maana wanawake wa kazi kama yeye huitwa Sò, yaani dada, hata na wakubwa wao, "hizi ni za taifa. Wageni watakuwa wamejaa. Nataka watu watuone."

"Msyé Teodat, umezileta kwa nani?"

"Kwako."

"Basi nenda kalale."

Teodat akaenda kulala. Hakusema kanji, hakusema pasiwe na kanji. Na Filomiz hakuwa na haja ya kuuliza. Wakija wageni, kanji ni mara mbili. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna mtoto wa Port-au-Prince asiyeijua.

Jumapili vijana wetu walipoingia uwanjani, mioyo ilitufurika. Jezi zilikuwa zinawaka! Kola zimesimama, mikono imenyooka kama ubao, na kila hatua ilitoa mlio wake. Wacuba walikuja na vijezi vilivyokunjamana, tukawacheka mpaka tukashika mbavu.

"Jamani, hawa wamelalia nguo zao!" alipiga kelele Dorelis, kinyozi wetu, mtu mwenye mdomo mpana kuliko mlango wa kanisa kuu. "Warudisheni nyumbani wakapigwe pasi!"

Mcheza kwao hutunzwa, tulisema. Robo saa haikupita, jasho likaanza kuteremka. Kanji ikipata jasho hurudi ilikotoka: ikawa uji. Jezi zikawaganda vijana mwilini kama keki iliyokataa kutoka kwenye chungu. Anselo, mshambuliaji wetu wa kati, aliinua mkono kuomba mpira, mkono ukabaki hukohuko juu. Kipa alijirusha, naapa nilisikia kitu kimevunjika, kumbe ni kwapa la jezi. Tukafungwa tatu kwa moja.

Jioni ile Dorelis alitoa hukumu mbele ya kibanda chake, wembe mkononi, mteja wake akiwa nusu kanyolewa.

"Wacuba hawakutufunga. Katufunga Filomiz!"

Anselo naye, badala ya kunyamaza, akaongeza kwamba jezi ilimng'ata. Mtaa mzima ukacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, tena kwa sauti.

Kicheko kikafika juu mlimani kwa wenye nyumba zao. Jumatatu Madam Vilgren, mke wa wakili, alituma mtu achukue mashuka yake, ayatoe yakiwa mabichi. Jumanne daktari akachukua mashati yake kumi na mawili. Wanawake wenzake kwenye bonde tunakofulia walianza kumwita Sò Bao Tatu. Miaka thelathini ya jina zuri, komè wangu aliiona ikienda na povu la sabuni.

Teodat alirudi na kapu, macho chini.

"Kwa ajili ya Alhamisi, Sò. Lakini safari hii, tafadhali... bila kanji."

"Bila?"

"Hata tone."

"Msyé Teodat, mwambie tu mwenye mkono akate mkono."

"Nikizipeleka kwa mwingine watasema nimekufukuza. Nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja."

Alizifua. Hakuzianika nje. Alifunga kamba ndani ya chumba chake, akafunga na dirisha, watu wasione nguo zimelegea nyumbani kwa Filomiz. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani chini ya zile jezi laini zinazoning'inia, analia machozi ya kweli. Hapo ndipo nilipoona aibu kwa kicheko changu.

Alhamisi tukatoka sare, bao moja kwa bao moja.

Ungedhani ni habari njema. Kwa taifa, ndiyo. Kwa Filomiz ilikuwa msumari wa jeneza, kwa sababu Dorelis alipanda juu ya kiti chake cha kunyolea akatangaza: "Mmeona? Na kanji, kifo. Bila kanji, sare. Jumapili bila kanji tena, ushindi! Nani bado ana swali?" Hakuna aliyekuwa na swali. Hata padri alitingisha kichwa kukubali.

Jumamosi nilimpelekea bakuli la uji wangu wa mahindi, ninaouza, ule wenye mdalasini. Alikuwa anakunja jezi, laini tena.

"Wakishinda kesho, komè," alisema, "mimi nimekwisha. Hakuna atakayenipa hata leso."

"Basi wewe unaomba wafungwe?"

Aliniangalia mpaka nikatamani uji ule unimeze.

"Nimewasha mshumaa kwa Mtakatifu Yakobo," alisema. "Mkubwa. Washinde."

"Na jina lako?"

"Jina langu ni langu. Wale ni watoto wa watu, na Wamarekani wanatazama jukwaani."

Jumapili tulikuwepo wote wawili. Sitaki kuisimulia mechi ile, roho inaniuma. Moja, mbili, tatu. Lilipoingia la nne watu walianza kutafuta kofia zao. La tano, uwanja ukabaki na mapengo kama mdomo wa bibi. Filomiz hakuondoka. Alisimama juu ya benchi, sauti imemkauka, anapiga kelele peke yake: "Inukeni, wanangu! Nyanyueni vichwa!" Likaingia la sita. Anselo aliinama katikati ya uwanja, mikono magotini, na filimbi ya mwisho ikamkuta hivyohivyo. Meksiko kwaheri, Italia kwaheri, na yale makoti kwaheri.

Na sasa sikilizeni watu walivyo. Jumatatu asubuhi Dorelis alikuwa wa kwanza kufika mlangoni kwa Filomiz, nyuma yake nusu ya mtaa.

"Sò Filomiz, hongera! Na kanji tulifungwa tatu. Bila kanji, sita! Hesabu haidanganyi. Kanji yako ndiyo iliyokuwa inatushikilia!"

Wakapiga makofi. Kabla ya saa sita mashuka ya Madam Vilgren yalikuwa yamerudi, na salamu juu yake. Mimi nilifurahi hadi nikacheza. Filomiz alitoka na rungu lake la kufulia.

"Hongera ya nini?" alisema. "Dorelis, watoto wamefungwa sita nyumbani kwao, nawe unaniletea hongera? Toka hapa kabla sijakupiga pasi!"

Dorelis alijaribu kutabasamu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, dada yangu."

"Nimekubali. Sijafurahi. Ni vitu viwili."

Mchana Teodat alileta kapu kwa mara ya mwisho. "Zioshe tu, zinaingia sandukuni," alisema. "Kanji, si kanji, fanya upendavyo. Hazichezi tena."

Filomiz alifanya apendavyo. Kanji mara mbili. Akazianika nje, barabarani kabisa, zote kumi na moja, mikono imenyooka. Kisha akatuma ujumbe kwamba sandukuni haziingii mpaka kila mchezaji aje aichukue yake mwenyewe aipeleke kwa Teodat.

Walikuja Jumatano, wamepita vichochoroni kukwepa kibanda cha kinyozi, nyuso zao kama za watu waliovunja sahani za mjomba. Anselo alikuwa wa mwisho.

"Ivae," Filomiz alimwambia.

"Mama, hakuna mechi."

"Nimekuuliza kama kuna mechi? Ivae."

Akaivaa juu ya shati lake. Ilipiga kelele kwenye mabega.

"Inanibana, mama."

"Ndiyo kazi yake. Jumapili baada ya la sita nilikuona umeinama. Hebu jaribu kuinama sasa."

Anselo alijaribu. Alifika robo njia, jezi ikakataa. Akajaribu tena, uso umemwiva, jezi ikamrudisha juu wima kama askari. Wenzake walianza kucheka, naye akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chao cha kwanza tangu Jumapili. Wakazivaa wote.

Hawakurudi vichochoroni. Waliteremka na barabara kubwa, wote kumi na mmoja, vifua mbele kwa sababu havikuwa na mahali pengine pa kwenda. Walipofika kwenye kibanda, Dorelis alifungua mdomo, akaufunga, akavua kofia. Sisi tulibaki mlangoni na Filomiz, tukizisikia jezi zikilia mpaka kona ya kanisa.