Nyota Iliyozimika Mara Mbili

Tiara zote kubwa za mtaa wetu hapa Bali zimepita kwenye cherehani ya Mbok Sudiasih. Mbok ni dada, na dada huyu, aliyevuka hamsini, hana haja ya kupaza sauti ili asikilizwe. Mumewe Rentana ndiye kiongozi wetu sisi warusha tiara angani. Mimi ni mvuta kamba tu, ila mdomo ninao.

Mambo ya nyota yalimjia kwa njia ya turubai. Klabu ya watazama nyota ilijenga kituo chake kilimani, kuba lake limetokana na tangi kuukuu la maji, wakamwita ashone turubai la kufunikia darubini. Alikwenda kupima, wakamchungulisha Zohali na pete zake. Turubai ambalo angelimaliza kwa siku mbili lilichukua msimu mzima, kila jioni ana sababu ya kupima upya. Mwishowe wakaona haya wakampa ufunguo, na tangu hapo Rentana amezoea kula wali uliopoa.

Kazi ambayo klabu inajivunia ni hii: jiwe linalozunguka jua likipita mbele ya nyota, nyota huzimika kwa sekunde chache. Watazamaji wa sehemu mbalimbali huwatumia wataalamu nyakati zao, nao wakiziunganisha hutambua umbo la jiwe. Kazi haitaki shahada, inataka ukweli. Mwaka juzi mwenyekiti, daktari wa meno Pak Wiranata, yaani Bwana Wiranata, alituma taarifa kwa mbwembwe kwamba nyota imezimika, kumbe ni tiara yetu iliyopita mbele ya darubini. Wataalamu walimjibu kwa adabu. Sisi adabu hatukuwa nayo. Watu walikuwa wakienda kung'olewa meno huku wakimwuliza kama leo kuna upepo.

Mwaka huu jiwe lilitarajiwa kupita mara tu giza likiingia, katikati ya msimu wa tiara. Mchana wake dada akatufuata uwanjani.

"Leo magharibi zote ziwe chini."

"Dada, upepo mtamu namna hii?" nikalalamika. "Tutapata dhambi!"

"Pateni. Mkikataa, mikia ya mwakani mtaishona kwa meno."

Rentana akacheka, kisha akasema mbele yetu sote, "Mke wangu, nenda kwa amani. Hakuna hata moja itakayobaki juu." Tukazishusha huku tunanung'unika, tukazilaza kwenye nyasi.

Kamera ya klabu ilikuwa imeharibiwa na unyevu, kwa hiyo dada akatazama kwa jicho lake, simu ikinasa sauti yake pamoja na milio ya saa. Wote waliokuwamo kwenye kuba walimsikia: "Imezima! Imewaka!" Wakaanza kushangilia. Yeye hakuondoa jicho. Mara akapiga kelele, "Imezima tena! Imewaka!" Hii ya pili ilikuwa fupi, kama kukonyeza.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pak Wiranata alitikisa kichwa palepale.

"Ya kwanza tunaituma, dada. Ya pili ni tiara."

"Tiara ziko chini."

"Ulikuwa umekodolea macho nyota moja tu. Tiara huziba nyota kadhaa kwa pamoja; ungejuaje kama jirani zake hazikuzibwa pia?"

"Nimeona mara mbili, natuma mara mbili."

"Basi tuma kwa jina lako mwenyewe. Wakicheka, wakucheke wewe, klabu haimo. Na ikithibitika ni tiara, ufunguo utaurudisha."

Habari zilipotufikia tuliwaka. Kumbe sisi ni waongo! Nilidhani Rentana atapanda kilimani kugombana. Badala yake, asubuhi akaanza kupita nyumba kwa nyumba akinong'ona langoni: "Kweli hukuacha yako juu? Hata ile ndogo ya watoto?"

"Kaka," nikamwambia, "unatuchunguza sisi au unamchunguza mkeo?"

Akageukia lango linalofuata. Lakini mtaa wetu hauna siri, na maneno yalimfikia dada kabla mumewe hajarudi. Nilikuwapo barazani kwao nikisubiri kitambaa. Rentana alipoingia, dada alisimamisha cherehani.

"Daktari ana haki ya kunishuku, ananijua kwa magego tu. Wewe je?"

"Nilitaka niwe na hakika, nipate kukutetea."

"Utetezi wa kuulizauliza baki nao."

Iliniuma kuwasikiliza. Siku hiyohiyo akatuma taarifa yake, mara mbili kama alivyoona, kwa jina lake peke yake. Kwa wiki kadhaa warusha tiara wa mtaa wa pili walimwita Mama Tiara sokoni, naye akanunua mboga zake bila kugeuza shingo. Nyumbani kwake wali ulipikwa kwa wakati na hakuna aliyezungumza.

Kisha alasiri moja Pak Wiranata akaingia uwanjani na pikipiki yake, akashuka na helmeti ingali kichwani, simu mkononi. Dada alikuwa anashona mkia uliochanika.

"Lombok nao wameiona!" akasema akihema. "Klabu ya kisiwa jirani, ng'ambo ya mlango wa bahari, tena kwa kamera. Mara mbili! Nyakati zao na zako zinaoana. Wataalamu wanasema jiwe lile lina mwezi wake, mwezi mdogo, hakuna aliyejua kama upo. Wanataka jina lako, dada, waliandike kwenye utafiti wao."

Nami mdomo wangu nikashindwa kuuzuia.

"Daktari, kamba yetu ni ndefu kweli, lakini kufika Lombok bado!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na Pak Wiranata, kwa heshima yake, alicheka kuliko sote. Akavua helmeti, akamwinamia dada viganja vimekutana kifuani. "Nilikukatalia mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

"Nimepokea," akasema dada. Lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe.

Rentana alisogea kama mtoto aliyevunja chungu. "Mke wangu, mimi..."

"Ulipouliza, uliuliza nyumba kwa nyumba," dada akamkatiza. "Basi katangaze hivyohivyo."

Rentana akakaza kilemba chake, akaenda lango la kwanza, nasi nyuma yake. Akapaza sauti: "Mke wangu ameona mwezi!"

"Mwezi tunauona sote!" bibi mmoja akajibu kutoka jikoni. "Umekunywa tembo mapema leo!"

"Si huu, mama! Mwingine! Haujawahi kuonwa na mtu yeyote duniani, ameuona yeye, na mimi mpumbavu sikumwamini!"

Alisema hivyo kila lango, hakupunguza neno, mpaka sauti ikamkauka. Malango ya mwisho tulimtangazia sisi. Dada alitufuata nyuma na sindano bado iko mkononi, anacheka, machozi yanamtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.